Tenga jioni moja ya piza, familia ikae pamoja

Watoto wa mjini siku hizi wakiulizwa wangependa kula nini siku ya furaha, wengi hawasemi pilau wala chapati. Wanasema piza. Wazazi nao huguna, kwa maana bei yake wanaijua. Pesa zinazonunua piza moja kubwa katika mikahawa ya Nairobi au Mombasa zaweza kununua pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili, hamira, nyanya, vitunguu na kipande cha jibini, na baki ikarudi mfukoni.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, leo sikukusudia kuzungumzia bei pekee. Kuna ugonjwa mwingine uliozivamia nyumba zetu, nao ni wa watu kuishi chini ya paa moja bila kukutana. Baba huondoka alfajiri kabla foleni ya matatu haijawa ndefu na kurejea watoto wakiwa wamelala. Mama akitoka kazini hukimbilia jikoni. Kijana mkubwa hula chumbani, macho kwenye simu. Binti hula mbele ya televisheni. Yaya naye hula peke yake akishamaliza kuosha vyombo. Wiki ikiisha, wote wamepakuliwa kutoka sufuria moja lakini hakuna aliyeketi na mwenzake.

Ninaijua familia moja ya Nakuru ambayo baba ni dereva wa lori la masafa marefu. Kwa juma zima huwa barabarani baina ya Mombasa na Malaba, na usiku wa nyumbani ni mmoja tu. Zamani usiku huo ulimalizika kwa taarifa ya habari na usingizi. Watoto walimheshimu baba yao jinsi mtu anavyomheshimu mgeni. Mama ndiye aliyeamua kwamba usiku huo kutapikwa piza, na kwamba kila mtu, baba akiwamo, atakuwa na kazi yake.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo, mwana wao wa miaka kumi na minne, aliyekuwa haongei na baba yake ila kuomba karo na nauli, alikuwa akikanda unga kando yake. Pasipo kuinua macho alisema kwamba hataki tena kurudi shuleni. Baba hakufoka. Aliendelea kukwaruza jibini, akauliza kwa nini. Ndipo ikajulikana kwamba wavulana wakubwa walikuwa wakimnyang'anya pesa na kumpiga, na kwamba mambo hayo yalikuwa yameendelea kwa muhula mzima. Jumatatu iliyofuata lori lilichelewa kuondoka Nakuru, kwa sababu dereva alikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Mtoto huyo angeitwa sebuleni na kuulizwa, "Una shida gani?" angejibu kwamba hana shida. Mikono ikiwa kazini na macho yakitazama kazi hiyo, ulimi huwa mwepesi. Akina nyanya zetu walilijua jambo hili walipokuwa wakichambua maharagwe pamoja na wajukuu.

Basi kwa nini piza na si ugali? Ugali mzuri hupikwa na mtu mmoja kwa dakika chache. Piza ina kazi nyingi ndogo ndogo ambazo hata mtoto wa miaka minne aweza kugawiwa, na tena ina saa nzima ya kusubiri unga uumuke. Saa hiyo ndiyo yenye thamani. Hakuna cha kufanya ila kukaa na kuzungumza.

Wako watakaosema kwamba hiki ni chakula cha matajiri na wageni. Ukweli ni kwamba piza ilianza kama chakula cha makabwela wa mji wa Naples, Italia, waliohitaji kitu cha bei nafuu cha kuliwa kwa mkono barabarani. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1889 mpishi Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita piza yenye nyanya nyekundu, jibini nyeupe na majani mabichi ya jamii ya mrehani, rangi za bendera ya Italia, ikapewa jina la malkia huyo. Mwaka wa 2017 shirika la UNESCO liliitambua kazi ya wapishi wa piza wa Naples kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa dunia.

Hapa kwetu, watu wa Malindi na Watamu wameizoea piza siku nyingi. Waitaliano walifika sehemu hizo kwa wingi miaka ya sitini kwa sababu ya kituo chao cha kurushia setilaiti karibu na Ngomeni. Mnamo Aprili 26, 1967, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini hapo. Waliobaki na waliofuata walifungua mikahawa, na vijana wa pwani wakajifunza kuichoma piza kwa tanuri ya kuni. Kwa watu waliokuwa wakioka mkate wa mofa tangu jadi, hilo halikuwa jambo la ajabu.

VIPIMO

Kwa familia ya watu watano au sita, chukua nusu kilo ya unga wa ngano wa kawaida, yaani kiasi cha vikombe vinne. Usitumie ule uliochanganywa tayari na poda ya kuumua. Ongeza vijiko viwili vya chai vya hamira ya chembechembe, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kijiko kimoja na nusu cha chumvi na vijiko viwili vya mezani vya mafuta. Maji yawe kikombe kimoja na robo, vuguvugu.

Hamira ni viumbe hai vidogo mno. Hula sukari na kutoa hewa inayoufanya unga ufure. Maji ya moto sana huviua na unga hautaumuka hata ukisubiri hadi asubuhi. Yapime kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakikuchoma, ni moto kupita kiasi. Koroga hamira na sukari ndani ya maji hayo, ungoje dakika kumi. Povu likitokea juu, hamira iko hai. Lisipotokea, itupe kabla ya kuharibu unga wako.

Changanya yote, kisha ukande kwa dakika kumi hadi donge liwe laini na linyumbuke kama mpira. Lipake mafuta kidogo, ulifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uliweke mahali penye joto. Mombasa laweza kuwa tayari kabla ya saa moja kwisha. Limuru au Nyahururu wakati wa baridi ya Julai, ngoja saa moja na nusu au zaidi. Saa isikuamulie. Tazama donge: likifikia mara mbili ya ukubwa wake, liko tayari.

Wakati huo pika mchuzi. Katakata nyanya sita zilizoiva vizuri, uzipike na vitunguu saumu viwili vitatu vilivyopondwa, mafuta kidogo na chumvi. Usiongeze maji. Endelea mpaka ukivuta mwiko katikati ya sufuria, njia ibaki wazi. Mchuzi mwepesi hulowesha unga na piza hutoka ikiwa mbichi katikati.

Jibini ya gramu 200 hadi 250 yatosha. Ile inayoyeyuka vizuri huitwa mozzarella, lakini aina ya kawaida inayouzwa madukani yafaa pia. Ikiwa bei inakushinda, chemsha lita moja ya maziwa, uyatie vijiko viwili au vitatu vya maji ya ndimu hadi yagande, kisha uyachuje kwa kitambaa safi. Jibini hii haiyeyuki, lakini ukiitia chumvi na kuitawanya juu ya nyanya ni tamu.

Cha kuweka juu ni shauri la mfuko wako. Nyama ya kusaga iliyobaki jana, soseji moja iliyokatwa vipande vyembamba, pilipili hoho, mchicha, dania au yai. Hata omena waliokaangwa wakakauka wana nafasi yao. Waitaliano wenyewe huweka juu ya piza samaki wadogo waliotiwa chumvi, kwa hivyo mtu asikuone mshamba. Kosa kubwa ni kurundika. Vitu vikiwa vingi, maji yao huufanya unga kuwa ugali.

MAKAA

Aliye na tanuri ya gesi au stima aipashe moto mkali kabisa, nyuzi 220 hadi 250, kwa dakika ishirini kabla ya kuingiza piza. Itaiva kwa dakika 12 hadi 15.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Chukua sufuria kubwa nzito, uweke mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu yake weka vijiwe vitatu vilivyokauka kabisa. Funika, uipashe juu ya jiko la makaa kwa dakika kumi na tano. Tandaza unga kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta, upake mchuzi, utie jibini na mengineyo, kisha uteremshe sahani juu ya vijiwe. Funika na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Baada ya dakika ishirini hivi inua ukingo kwa kisu. Chini pakiwa na rangi ya kahawia, imeiva.

Njia ya tatu ni ya kikaango. Sukuma unga kama chapati nene, uuchome upande mmoja kwa moto mdogo, uugeuze, utie mchuzi na jibini upande uliokwisha kuiva, kisha ufunike hadi jibini iyeyuke. Wanaoishi katika chumba kimoja watapendelea njia hii.

Nikuonye hapa, msomaji. Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hasa usiku wa baridi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na imewahi kuzima familia nzima usingizini. Fungua madirisha na mlango, na mkimaliza kupika litoeni jiko nje. Watoto wadogo wawekwe mbali na moto, na wasionje unga mbichi.

KAZI KWA KILA MTU

Kugawa kazi ndiyo siri ya jioni hii. Mtoto mdogo apange vipande vya hoho. Wa shule ya msingi apime unga na maji. Akiulizwa tutagawaje piza moja kwa watu sita, atajifunza sehemu na sehemu ndogo bila kiboko. Kijana akande, maana ana nguvu. Baba asimamie moto au akwaruze jibini. Yaya siku hiyo aketi mezani kama wengine, si kutumwatumwa.

Akina baba, najua wapo kati yenu wanaoona jikoni si mahali pa mwanamume. Lakini wapishi wengi katika mikahawa mnayoipenda ni wanaume, nanyi huwalipa na kuwasifu. Huenda mwanao asikumbuke nguo ulizomnunulia mwaka huu, lakini siku ulipounguza piza yenu mkaila hivyo hivyo ataisimulia akiwa na wajukuu.

Wekeni kanuni chache tu. Siku iwe ile ile, ikiwa ni Ijumaa iwe Ijumaa, ili hata aliye mbali ajue anangojewa. Simu zote, pamoja na ya baba na ya mama, ziwekwe juu ya kabati mpaka vyombo vioshwe. Na meza hiyo isigeuzwe mahakama. Mtoto aliyeleta alama mbaya azungumziwe siku nyingine. Akijifunza kwamba jioni ya piza ni jioni ya kuulizwa maswali ya hesabu, wiki ijayo atadai hana njaa.

Mzazi anayelea watoto peke yake asidhani haya hayamhusu. Mama na watoto wawili ni familia kamili, na nusu ya vipimo nilivyotaja yawatosha. Wala si lazima iwe kila wiki. Pesa zikiwa haba, mara moja kwa mwezi yatosha, mradi isivunjwe. Aliyeahidiwa mara tatu akavunjiwa mara tatu haamini ya nne.

Huenda piza ya kwanza ikatoka ikiwa na pembe kama ramani ya Kenya. Kateni, mle. Unga wa Jumamosi ijayo haugharimu sana, na mtoto aliye na neno moyoni huenda akawa anangoja tu kupewa donge la kukanda.

Jumapili ijayo tutazungumzia namna ya kumgawia kijana pesa za matumizi bila ugomvi.