KONA YA NYUMBANI: Kabati la droo tatu la kutunza karatasi zetu

Mwezi huu tuongee juu ya kabati la droo. Wengine huziita saraka. Ni kitu kimoja.

Mtauliza: mwalimu, nyumba yenyewe ni ya udongo, kabati la nini? Jibu ni karatasi. Familia za hapa Nakivale ziko na karatasi za usajili, kadi za chanjo za watoto, ripoti za shule, na wengine walifika na diploma kutoka Kongo au Burundi. Kijana akitaka kuendelea na masomo hapa Uganda, anaulizwa vyeti vya kule alikosomea. Na sisi tunaviweka wapi? Chini ya godoro, au tumevichomeka kwenye paa. Mchwa wanakula, panya wanakata, mvua ya Aprili inamalizia. Karatasi ya hapa unaweza kuitafuta tena, kwa safari na foleni. Ile ya shule iliyochomwa na vita, utaitafuta wapi?

Basi tutengeneze kabati. Haliwi imara kwa sababu ya misumari mingi. Linakuwa imara kwa mambo matatu: mbao kavu, pembe zilizonyooka, na miguu isiyogusa udongo.

Mbao kavu
Huku kwetu mbao za kawaida ni paini na kalitunsi. Kalitunsi ni ngumu lakini ikikauka hujipinda na kupasuka. Kwa droo, paini ni rahisi zaidi. Kalitunsi iliyokauka vizuri inafaa kwa miguu. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi. Usiipige msumari siku hiyo hiyo. Ipange kivulini, juu ya mawe, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na uiache wiki kadhaa. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ndiyo maana droo ya mbao mbichi baadaye inalegea na kuonyesha nyufa.

Wengine wanatumia mbao za paleti. Ni sawa, ila angalia muhuri wake kwanza. Herufi HT maana yake ilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, ilipigwa dawa ya sumu. Hiyo usiiingize ndani ya nyumba, na usiipikie.

Vipimo
Kabati letu liwe na upana wa sentimita 60, kina cha 45 na kimo cha 75. Tafuta miguu 4 ya inchi 2 kwa 2, mbao za inchi 6 kwa 1, plaiwudi nyembamba, gundi ya mbao, misumari na msasa. Vyombo ni msumeno, randa, patasi, nyundo, futi na skwea. Kama huna, ongea na fundi jirani. Wawili mnaweza kutengeneza mawili kwa vyombo vya mmoja.

Fremu
Unganisha miguu kwa mbao za kulala, mbele na nyuma: moja juu kabisa, mbili katikati, moja chini. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya sentimita 15 na nusu. Hapo chini miguu itabaki na karibu sentimita 18. Chonga ulimi kwenye ubao na tundu kwenye mguu, paka gundi, ndipo uingize. Msumari peke yake unalegea, ulimi unashika.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, isukume kwa mkono kwenye ule mshazari mrefu hadi vilingane. Hii ni dakika moja tu, lakini ukiiruka hakuna droo itakayoingia vizuri.

Halafu weka reli za mbao, mbili kwa kila droo, kutoka mbele hadi nyuma. Ziwe sawasawa na ubao wa mbele, zisiinuke wala kushuka. Funika ubavu na mgongo kwa mbao au plaiwudi, usiache tundu la panya. Ubao wa juu uwe wa mwisho.

Droo
Nafasi kati ya miguu ni sentimita 50. Droo iwe na upana wa 49 na milimita 4, yaani milimita 3 zibaki kila upande. Kimo chake kiwe sentimita 15. Ile nusu sentimita ya juu usiionee uchungu. Mvua zikianza mwezi wa tisa, mbao hunywa unyevu na kuvimba, na droo iliyobana inakataa kufunguka.

Ndani ya droo, chini, gundisha vijiti kuzunguka pande zote nne, halafu plaiwudi ilale juu yake. Ukiipigilia kwa chini, siku moja mzigo utaingoa. Msumari wa karibu na mwisho wa ubao, gonga kwanza ncha yake iwe butu, hapo haupasui. Mwisho, sugua mshumaa au sabuni kavu kwenye reli, droo itateleza.

Mahali pa kuliweka
Kila mguu ukae juu ya jiwe bapa. Kabati liachane na ukuta kwa upana wa vidole vinne, na kila wiki chungulia nyuma. Ukiona kamstari ka udongo kanapanda, ni mchwa. Kafute siku hiyo hiyo.

Kuna hatari moja, wazazi. Mtoto akifungua droo zote tatu na kupanda kama ngazi, kabati linaanguka mbele. Vitu vizito vikae chini, na nyuma lifunge kwa waya kwenye nguzo ya nyumba.

Droo ya chini weka sufuria na vyombo, ya katikati nguo, ya juu karatasi. Karatasi ziwe ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, zikiwa kavu, mdomo umefungwa. Dawa ya kienyeji na chakula visikae humo, vinaita wadudu. Watoto wakubwa wajue ule mfuko uko wapi. Moto ukitokea, watu watoke kwanza. Mfuko uchukuliwe tu kama uko karibu na njia.

Na wale ambao mwezi huu hawana pesa ya mbao, msikate miti ya kivuli wala msing'oe nguzo za choo. Anzeni na droo moja tu yenye kifuniko, juu ya mawe manne. Fremu itakuja.

Kwa leo naishia hapa. Aliye na swali anione shuleni baada ya masomo, aje na futi yake. Mbaki salama.