Asili Haishonwi kwa Cherehani

Katika vikao vya utamaduni na maonyesho ya wageni limekuwapo neno moja linalotamkwa kwa heshima kubwa na kufikiriwa kwa uchache mkubwa. Neno lenyewe ni "asili". Kikundi cha ngoma kikialikwa kutumbuiza Forodhani, au katika hoteli za ufukweni mashamba, huagizwa kije na "vazi la asili", na maana ya agizo hilo hufahamika hata kabla halijamalizika: wanawake wote kanga za sampuli moja, wanaume majani ya ukindu viunoni, shanga shingoni, miguu mitupu. Mwavuli uachwe nyumbani. Tarumbeta lifichwe. Atakayeuliza sababu hujibiwa kwa mfano wa Ulaya: tazameni Wazungu na baleti yao, wameitunza kama walivyoirithi, sketi ile ile na viatu vile vile tangu enzi za wafalme.

Mfano huo ungekuwa mzuri lau ungekuwa wa kweli.

Baleti ilipokuwa katika kasri za Ufaransa, mchezaji wake mashuhuri hakuwa binti mwenye sketi nyeupe, bali mfalme mwenyewe. Mwaka 1653 Louis wa 14, kijana wa miaka kumi na minne, alicheza nafasi ya Jua, amemeremeta dhahabu toka utosini hadi viatuni. Katika jumba la opera la Paris wanawake hawakupanda jukwaani kucheza kwa kazi hadi 1681. Kabla ya hapo nafasi zao zilichezwa na wanaume. Nao wanaume hao walivaa nini? Walivaa sketi ngumu zilizotanuliwa kwa matao, kichwani nywele za bandia na manyoya ya ndege, na usoni kinyago. Mwungwana wa Paris aliyekaza mishipi yake na kujitosa jukwaani kwa vazi hilo alihesabiwa kuwa kilele cha heshima. Leo akitokea hivyo Darajani, watoto watamfuata hadi Mnazi Mmoja.

Kisha vazi likabadilika, na kila badiliko lilizua kelele. Katika karne ya 18 Marie Camargo alipunguza urefu wa sketi yake kwa kiasi kidogo tu, ili watazamaji waone kazi ya nyayo zake, na mji mzima ukapata la kuzungumza. Mwaka 1734, London, Marie Sallé alitupa matao na mapambo, akacheza kwa vazi jepesi la melimeli, nywele amezifungua. Mwaka 1760 Jean-Georges Noverre alichapisha barua zake za kuvishambulia vinyago na nywele za bandia, akidai kuwa uso uliofunikwa hauwezi kusema. Ile sketi nyeupe inayodhaniwa kuwa ya tangu na tangu ilipata umaarufu mwaka 1832 tu, Marie Taglioni alipocheza *La Sylphide*. Na hata hiyo ilifika chini ya magoti. Ile fupi, iliyosimama kiunoni mithili ya sahani, ilikuja baadaye. Vazi hilo lilidai hata roho: mwaka 1862 Emma Livry alishika moto wa taa za jukwaani akiwa mazoezini, akafariki mwaka uliofuata. Alikuwa amekataa nguo iliyotiwa dawa ya kuzuia moto kwa kuwa iliharibu wepesi wa kitambaa.

Basi huo ndio uthabiti wanaotakiwa kuuiga wachezaji wa Unguja: karne mbili za ugomvi wa mshoni, mchezaji na mtazamaji. Baleti iliishi kwa kuwa ilibishana na nguo zake.

Na Unguja nako ngoma zimebishana na nguo zao, pengine kwa werevu zaidi. Forodhani penyewe ni shahidi, kwani jina lake ni la forodha, mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zilizoshushwa majahazini. Mwaka 1833, mwaka mmoja tu baada ya sketi ya Taglioni, Seyyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cha merikani kikaja kwa marobota. Kikivaliwa cheupe ni merikani. Kikitiwa nili ni kaniki. Ndicho kilichowavika watumwa wa mashamba ya karafuu. Viatu na kilemba vilikuwa alama ya mwungwana. Mtumwa alikwenda miguu mitupu, kichwa wazi.

Hapa mzaha unakoma. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiweka kando kaniki na kuitaka kanga. Kanga ilikuwa nguo mpya, iliyotokana na leso zilizounganishwa, ikichapwa ng'ambo na kuuzwa madukani mwa Wahindi. Kwa maana ya waandaaji wa leo haikuwa na "asili" hata chembe. Lakini aliyejifunga alikuwa akitangaza kuwa yeye si mali ya mtu. Leo mjukuu wake anaagizwa avue viatu ili apendeze kwa wageni, na agizo hilo linaitwa kuhifadhi utamaduni!

Ngoma nazo zilikwenda njia hiyo hiyo. Beni, iliyochipuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilichukua sare za askari, tarumbeta, gwaride na vyeo vya majenerali, ikamvaa mtawala kama nguo na kumgeuza mchezo. Marini na Arinoti walishindana hivyo hadi bara. Mombasa, vyama vya lelemama vya wanawake vilipigana vita vya mapambo na mashairi. Unguja, ngoma ya ndege ilipanga wanawake wenye magauni ya rangi, mwavuli mkononi, wakisonga kwa hatua za taratibu nyuma ya beni. Kila mwavuli ulikuwa jibu kwa kundi jingine. Ukiuondoa, umeondoa beti na kubakiza kiitikio.

Wapenzi wa mashairi wanapaswa kulikasirikia jambo hili kuliko wengine. Kanga ina jina, na jina la kanga ni fumbo. Mwanamke aliyechagua kanga ya kuchezea alichagua neno la kumfikia mtu fulani miongoni mwa watazamaji. Kikundi kizima kikinunuliwa robota la sampuli moja na mtu ambaye hata hakulisoma jina lake, fumbo linakufa. Inabaki rangi, na rangi peke yake haimjibu mtu.

Wapo wanaohofu, na hofu yao si ya kupuuzwa. Wanasema milango ikiachwa wazi, wachezaji watakuja na fulana za timu za mpira. Lakini tangu lini chama cha ngoma kikakosa mlinzi? Wakubwa wa ngoma walijua kilichofaa, na kicheko cha wapinzani kilimwadhibu aliyekosea kuliko kanuni yoyote ya ofisi. Na kama ni stara inayohofiwa, ni nani aliyewavika wanaume majani viunoni: wazee wa ngoma, au mnunuzi wa onyesho?

Ujira atoe mwenye hoteli, lakini vazi achague mwenye ngoma. Palipo na mwavuli, mwavuli urudi. Palipo na tarumbeta, lilie. Na beni ya mbwa kachoka iachwe ivae vichekesho vyake bila kuombewa radhi. Mgeni atakayeuliza kwa nini ngoma ya Kiafrika ina miavuli na kofia za kijeshi atakuwa ameuliza swali la kwanza la maana tangu aliposhuka bandarini, na wapo bibi wa Ng'ambo wanaoweza kumjibu. Wasipoulizwa leo wakiwa hai, kesho atajibu mshoni.