Haiwaki, Haiamki, Inajizima: Kiswahili cha Fundi na Kiswahili Chetu

Kwa muda mrefu sasa sisi wapenzi wa Kiswahili tumeshughulishwa na swali la jina. Je, mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Nimewahi kuketi katika kongamano ambamo swali hilo lilizuka asubuhi, likavuka wakati wa chai, na likaachwa lilivyokuwa. Wenzetu wa Tanzania wengi wameridhika na kompyuta. Sisi Wakenya, hasa tuliofunzwa shuleni kwamba tarakilishi ndilo neno la kuandikwa katika insha, tunalitetea hilo kwa jino na ukucha. Ngamizi nayo imebaki kamusini ikingoja wa kuikumbuka. Sina nia ya kuufufua mjadala huo. Ninalodai katika makala haya ni kwamba tumelumbana mno juu ya nomino, ilhali vitenzi, ambavyo ndivyo vinavyohitajika siku mashine inapogoma, tumewaachia mafundi vibandani bila hata kuvinakili.

Dai hili sikulipata maktabani. Nililipata Donholm, ninakoishi, wiki mbili kabla ya tarehe ya kuwasilisha tasnifu yangu ya uzamili. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni. Iliporudi usiku nilibonyeza kitufe cha tarakilishi yangu ya mezani, na kiwambo kikabaki cheusi. Nikabonyeza tena. Kweusi. Ndani ya mashine ile mlikuwa na sura nne za tasnifu pamoja na sauti za wazee niliowahoji nyanjani, wawili kati yao wakiwa wamekwisha kufariki. Nakala nyingine sikuwa nayo. (Najua. Msimamizi wangu aliniambia hayo hayo, kwa maneno makali zaidi.)

Nilimpigia simu fundi mmoja mwenye kibanda karibu na Barabara ya Outer Ring. Nikamwambia, kwa Kiswahili nilichokiona kuwa fasaha, "Tarakilishi yangu imepatwa na hitilafu."

Kimya kidogo. "Ni nini imepatwa?"

"Kompyuta."

"Aa, kompyuta. Mwalimu, haiwaki ama haiamki?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Nimesoma mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka mingi, nimeuandikia mitihani na hata kuufundisha, lakini tofauti aliyoitaka fundi ilinipita kando. Akanieleza kwa subira. Mashine isiyowaka ni ile isiyopata moto kabisa: hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Hapo mtu huanzia ukutani: soketi, waya, swichi ndogo iliyo nyuma ya mashine, kisha kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa nyumbani na kuupunguza, ambacho yeye hukiita pawa saplai. Mashine inayowaka lakini haiamki ni habari nyingine. Moto umeingia, taa imewaka, feni inapuliza, ila akili haijarudi. Akaniuliza kama inapuliza. Inapuliza. Inalia? Nikainama, nikasikiliza. Ilikuwa ikilia kwa mkato, mara tatu tatu, nami sikuwa nimetambua kwamba mlio ule ni lugha.

"Basi moto iko," akasema. "Usiogope kuhusu vitu zako. Diski haijaulizwa bado."

Ningependa msomaji aitafakari sentensi hiyo ya mwisho. Tarakilishi inapowashwa haiendi moja kwa moja kwenye diski. Kwanza programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu hujikagua: kichakato kipo? Kumbukumbu ipo? Kadi ya picha ipo? Ikikosa kimojawapo cha lazima hukwama papo hapo, na kwa kuwa bado haina kiwambo cha kuandikia, hulia. Idadi na urefu wa milio hutegemea mtengenezaji wa programu hiyo. Diski, yenye faili na sura zote nne za tasnifu ya mtu, hufikiwa baadaye. Fundi yule aliyasema haya yote kwa maneno matatu, na kwa kauli ya kutendwa iliyotulia mahali pake barabara. Usiku ule nilipata usingizi.

Kulipopambazuka niliibeba mashine hadi kibandani. Aliichomoa waya, akakishikilia kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe, akaigusa bati ya kasha, kisha akaifungua. Vumbi la Eastlands lilikuwa limejaa kama unga kwenye kinu. Akachomoa kijiti cha kumbukumbu, akausugua ukingo wake wa rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, akafuta uchafu uliobaki kwa kitambaa kikavu, akakirudisha na kukibana hadi vishikizo vya pande zote mbili vikalia ka! Akabonyeza. Ikaamka. Ila iliamka ikidhani kwamba tuko miaka mingi nyuma, kwa kuwa betri yake, ile ya mviringo kama sarafu yenye volti 3 inayotunza saa, ilikuwa imeisha. Kiwambo kikatangaza kwa Kiingereza kwamba tarehe na saa hazijapangwa, na kwamba nibonyeze F1 ili niendelee.

Kiingereza hicho ndicho kilichonirejesha kwenye mjadala wetu. Tusidharau kazi iliyofanywa. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili. Muda si mrefu baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Wataalamu walioketi kutafuta visawe vya maelfu ya maneno walifanya kazi ambayo wengi wetu hatungeiweza. Lakini fikiria Kiswahili hicho chote kilihifadhiwa wapi. Kilihifadhiwa kwenye diski. Mashine ikikwama kabla ya kuifikia diski, Kiswahili nacho hakijaamka. Saa ambayo mtumiaji anahitaji zaidi kuelezwa jambo kwa lugha yake ndiyo saa ambayo lugha yake imelala, na atakayemsaidia ni binadamu, kwa mdomo, tena mara nyingi kwa simu kama nilivyosaidiwa mimi.

Binadamu huyo ana Kiswahili gani? Nilirudi kibandani mara kadhaa baada ya tasnifu kukamilika, nikiwa na daftari. Niliyoyakuta yanastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa mofolojia. Mteja akija na kusema mashine "imezimwa", fundi hana kazi ya kufanya, kwani kuna mtu aliyeizima. Akisema "imezimika", fundi huuliza kuhusu stima: je, taa za nyumba nazo zilizimika? Akisema "inajizima", fundi hugusa kasha kuona kama lina joto, hutazama feni na vumbi, kwani mashine inayojizima baada ya muda mara nyingi inajiokoa isiungue. Mzizi ni mmoja, -zim-. Kauli ya kutendwa, kauli ya kutendeka na kiambishi cha kujirejea zimegawanya matatizo matatu tofauti na kumwelekeza fundi mahali pa kuanzia kabla hajashika bisibisi. Vivyo hivyo kwa "haiwaki" na "haiwashiki": ya pili hutumika pale ambapo mtu amejaribu na kitufe chenyewe kinashukiwa. Kisha kuna "imekwama" na "imeganda", ambazo mimi nilidhani ni kitu kimoja. Kwa fundi wangu, iliyokwama iko njiani na huenda ikafika. Iliyoganda haitafika mpaka uizime kwa nguvu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba mafundi hawa hawazungumzi Kiswahili bali mseto: madabodi, ramu, pawa saplai, "moto iko", "vitu zako". Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi wa Nairobi humkera mwalimu wa Kiswahili, na mimi hunikera pia. Lakini tazama mseto huo umekaa wapi. Umekaa kwenye majina ya vipuri, vitu vilivyotoka ng'ambo na majina yake. Kinachofanya kazi ya kufikiri, yaani kutofautisha, kushuku na kukisia chanzo, ni kitenzi cha Kiswahili pamoja na viambishi vyake. Isitoshe, sisi si wageni wa kumeza majina. Neno "stima", lililokuwa jina la meli ya mvuke, ndilo Wakenya wanaloliitia umeme, na hakuna kamati iliyolipitisha. Donholm yenyewe ni jina la kigeni lililopoteza herufi: Barabara ya Jogoo iliitwa Doonholm enzi za ukoloni, na o moja ikadondoka njiani bila mtu kuililia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Huenda mtu akasema kwamba usemi wa kibanda kimoja cha Donholm si usemi wa Mombasa, Mwanza wala Bukavu, na kwamba hatuwezi kusanifisha kwa kumsikiliza kijana mmoja. Nakubali. Sijui kama fundi wa Kariakoo hutofautisha kukwama na kuganda kama huyu wangu anavyofanya. Lakini kutojua huko ndiko hoja yangu. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, nasi kila mwaka tunawatuma wanafunzi nyanjani kukusanya nyimbo za jando, methali na majina ya samaki. Kazi hiyo ni njema. Iweje basi tukubali kwamba mvuvi ana msamiati unaofaa kunakiliwa, lakini mtu anayefungua tarakilishi kumi kwa wiki, na kuzungumza na wenyewe kwa Kiswahili kuhusu kila moja, hana?

Ninapendekeza kwamba chama chetu kitenge sehemu ya kazi za nyanjani za mwaka ujao kwa ajili ya vibanda hivi. Donholm, Umoja na Buruburu haziko mbali, na nauli ni ya matatu tu. Tusiende na orodha ya istilahi mkononi tukawauliza mafundi kama wanazijua. Twende tukae kwenye benchi, tuwasikilize wateja wakieleza maradhi ya mashine zao na fundi akiuliza maswali yake, tunakili vitenzi kama vilivyo, kisha turudi tuvilinganishe na vya miji mingine. Wahadhiri wetu wataamua kipi kiingie kamusini.

Fundi wangu amekwisha kukubali tuende, kwa sharti moja. Siku ile, mashine ilipokuwa ingali inalia mara tatu tatu juu ya meza yake, aliniuliza sisi wa chuoni mlio ule tunauitaje. Nilimwambia nitamletea jibu. Bado ananidai.