Themostati Isiondolewe

Kila ifikapo Juni, magari yaliyokaa Dar es Salaam mwaka mzima bila malalamiko hupandishwa Njombe, mji ulio kwenye kimo cha karibu mita 2,000, na huko, yakiwashwa alfajiri, wenyewe hugundua kwamba hita wasiyokuwa na haja nayo pwani inapuliza uvuguvugu tu, na kwamba mshale wa joto, hata baada ya mwendo mrefu, haujafika nusu. Aghalabu lawama huangukia baridi au uzee wa gari, ilhali kosa lilikwisha kutendeka zamani katika gereji ya mjini, siku gari lilipochemsha kwenye foleni na fundi akashauri, kwa nia njema, themostati itolewe.

Shauri hili limeenea hata likahesabiwa kuwa maarifa ya ufundi. Mimi nalihesabu kuwa madhara. Kifaa hicho kidogo, chenye nta ndani yake inayotanuka kwa joto, huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto unaotakiwa, ambao kwa magari mengi ni baina ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi. Kikiondolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, na hita, isiyo na moto wake ila ule wa maji hayo, haina cha kutoa. Kompyuta ya gari, ikidhani injini ingali baridi, huzidisha mafuta. Oili nayo, kwa kukosa joto la kukausha unyevu, hugeuka tope. La ajabu zaidi, katika injini kadhaa themostati inapofunguka huziba njia ya mkato ya maji, basi isipokuwapo, sehemu ya maji ya moto hurudi ndani bila kupozwa, na gari likachemsha kwa tiba ile ile iliyokusudiwa kulizuia lisichemshe.

Wapo wasemao kuwa kifaa hiki kiliundwa kwa ajili ya nchi za theluji. Lakini hata hari ya Dar es Salaam, inapofika nyuzi 32, ingali mbali na nyuzi 82. Gari likichemsha, pana rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko uliolegea au maji yanayovuja, na fundi hulipwa ili aitafute sababu hiyo.

Insafu yataka tuseme kwamba si kila hita dhaifu ni kosa la themostati. Kwanza maji yatazamwe, injini ikiwa baridi kabisa, kwa maana mfuniko wa rejeta yenye moto umekwisha kuunguza wengi. Kisha injini iwashwe na mpira wa juu wa rejeta uguswe: ukianza kupata joto polepole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi; ukikaa baridi kisha ukapata moto kwa ghafla, ni nzima. Ipo pia mipira miwili iendayo kwenye hita: mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, hita imeziba au ina hewa ndani, na hapo, kwa gari lililojazwa maji ya bomba miaka nenda miaka rudi, kutu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Yote miwili ikiwa ya moto, injini haina hatia, na fundi akatazame kilango cha hewa nyuma ya dashibodi.

Wala fundi asibebe lawama peke yake, maadamu mteja ndiye aliyedai gari litoke leo kwa gharama ndogo, na hakuuliza kilichotolewa kilikwenda wapi.