Na Sisi Tukae Wapi?



Leo hatuzungumzii magauni, hina wala mapishi. Tunazungumzia kukaa kitako, tena nje, mjini, mahali pa bure.

Nyinyi mlioko Unguja huenda mkacheka. Mtu akichoka na nyumba jioni anavaa baibui lake, anashika wanawe mkono, anakwenda Forodhani. Tangu bustani ile ilipokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, mwanamke anakaa pale mbele ya bahari na watoto wake na anaondoka bila kununua hata maji. Biharusi mpya anakaa na mumewe, watu wanapita, hakuna aliyeshangaa. Neema hiyo mtaijua mkihama.

Sisi tuko Majengo, Mpanda, mkoa wa Katavi. Kila mji wa bara una Majengo yake, na wengi wenu mna shangazi au wifi katika mojawapo. Tunashona na kuuza nguo, na dukani tuna benchi moja la mbao la wateja. Tukihesabu kwa ukweli, nusu ya wanaolikalia hawakuja kushona. Wanasema, "Dada, naomba nikae kidogo." Ni mama mjamzito anayetoka kliniki kwa miguu. Ni bibi aliyetoka sokoni na mzigo wa mihogo. Ni msichana anayemsubiri kaka yake aje kumchukua na hataki kusimama barabarani akiitwaitwa na vijana. Tunawakaribisha, na maji tunawapa. Lakini benchi la duka linatosha watu watatu, na duka likifungwa nalo limefungwa.

Mtu atasema mjini viti vipo. Vipo, ndiyo. Chini ya mwembe kuna kijiwe cha bodaboda, na hapo hatuwezi kwenda kujibana katikati ya wanaume kumi. Kwa mama lishe kuna benchi, lakini ni la anayekula, na yeye ana haki ya kututazama vibaya tukilijaza bila kununua. Viti vizuri, vyenye meza na mwavuli, mara nyingi viko baa. Hapa ndipo penye jambo zito kwetu Waislamu. Mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, yanatukataza kukaa kwenye meza inayonywewa pombe, hata kama sisi wenyewe tumeagiza soda. Asiyekuwa Muislamu akikosa benchi la umma atakaa baa na maji yake, na dhamiri haimsuti. Sisi tukilikosa tunabaki na mambo mawili tu, kusimama au kurudi nyumbani.

Mfikirie biharusi aliyetolewa Pemba akaletwa huku. Fungate imekwisha, wageni wameondoka, mume anataka kumtembeza mkewe jioni aujue mji. Wanazunguka, wanapita maduka, miguu inauma, wanarudi. Kesho hivyo hivyo. Baada ya mwezi mume anatoka peke yake, kwa sababu yeye ana pa kukaa, anakwenda kijiweni kwa wenzake. Mke anabaki na simu. Upweke wa namna hiyo tunauona machoni wanapokuja kuchukuliwa vipimo, na haupo katika mawaidha yoyote ya singo.

Wapo watakaosema mwanamke kukaa njiani si heshima. Tunawaheshimu, na hoja yao ina asili yake. Zile baraza za mawe za Mji Mkongwe, na za Lamu pia, zilijengwa mbele ya nyumba ili mwenye nyumba awapokee wageni wa kiume nje bila kuwaingiza ndani kwa wanawake. Zilikuwa stara yetu. Na neno lenyewe limekua hadi tuna Baraza la Wawakilishi na Baraza la Mawaziri, yote kutokana na benchi la mawe. Lakini zama zile mwanamke wa nyumba ile alikuwa ndani. Leo ndiye anayekwenda soko, kliniki, benki na skuli ya mtoto. Kazi za nje amekabidhiwa, kiti cha nje hakukabidhiwa.

Na tuirudie hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Mtume aliwatahadharisha masahaba wasikae njiani. Wakamwambia hawana budi, ndipo wanapokutana na kuzungumza. Hakuwaambia wakafungiwe majumbani. Aliwaambia basi wakikaa waipe njia haki yake: wainamishe macho, wasiudhi watu, wajibu salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Masharti yote yamewekwa juu ya aliyekaa. Huku kwetu tumeyageuza, tumemwekea masharti anayepita: binti asipite pale, abadilishe njia, afanye haraka. Aliyekaa akimtolea macho kuanzia ushungi hadi viatu, hatuna neno.

Haki hiyo ya njia itatubana na sisi tukipata mabenchi yetu. Wanawake wanne wakikaa pamoja nusu saa, mnajua wenyewe nani atajadiliwa.

Jambo jingine la kutazama ni kivuli. Katika hadithi nyingine, Mtume ameonya dhidi ya mtu anayejisaidia njiani au katika kivuli cha watu. Maana yake kivuli wanachopumzikia watu ni haki yao, asichafuliwe nayo mtu. Jua la Mpanda si mchezo, na benchi la saruji lililoachwa wazi mchana linakuwa kama kikaango. Kwa hiyo tukisema benchi, tunasema benchi chini ya mti. Miembe ipo. Mbao nazo zipo, tena nyinyi wa visiwani mnazililia: misitu ya Katavi inatoa mninga, mti ambao mchwa hauwezi kirahisi, na mafundi seremala wanajua kuufanyia kazi.

Kwa kuwa sisi ni mafundi cherehani, tuseme na vipimo, maana mabenchi mengi yametengenezwa na watu wasiovaa baibui. Kimo kiwe inchi 17 au 18 kutoka chini, ili mzee aweze kuinuka na pindo lisiburuze vumbi. Kuwe na mgongo wa kuegemea, na mkono wa kushikia kwa wajawazito. Misumari izamishwe na mbao zipigwe msasa vizuri. Hatuwezi kuhesabu abaya tulizozishona upya kwa sababu ya msumari wa benchi. Na liwekwe mahali pa wazi panapoonekana na kila mtu. Watu wanadhani kumsitiri mwanamke ni kumtafutia kona ya nyuma, kumbe kona ya nyuma ndiko anakoogopa kukaa.

Wengine wanahofia kwamba mabenchi yatavuta wavuta bangi na wasio na kazi. Hao wana pa kukaa tayari, hawakusubiri benchi. Penye kina mama, watoto na bibi mwenye mkongojo, wao ndio huhama.

Sasa nani ayaweke? Manispaa, kwanza, kwa sababu mji ni wake na ushuru tunalipa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, twende, na tusikae nyuma kimya tukaja kulalamika dukani. Diwani haombwi barabara na maji peke yake.

Lakini kuna njia ya pili, na hii ni yenu maharusi. Tunashona sare za harusi, tunaona mahesabu. Viti viwili vya dhahabu vya kukalia biharusi na bwana harusi vinakodishwa kwa usiku mmoja, na asubuhi vimerudi kwa mwenyewe. Fedha ya mapambo kama hayo, au sehemu yake, inamlipa seremala benchi la mninga. Nia iwe sadaka inayoendelea, thawabu ziwafikie wazazi walio hai na waliotangulia, na wala jina halihitaji kuchongwa. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa ruhusa ya mahali kabla hamjamlipa seremala. Sisi tungeanza na njia ya kliniki, halafu sokoni, halafu mlango wa wanawake wa msikiti, ambako bibi zetu Ijumaa wanavulia viatu wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja.