BUNDUKI SI NGAO

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba mtu mwenye bunduki nyumbani hulala salama. Hutuambia: "Dawa ya moto ni moto." Sisi twasema hapana, na ushahidi tunao, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto huko Karamoja, wakaacha ghala la silaha. Wamatheniko wakazibeba. Je, tangu siku hiyo ng'ombe wao walipata amani? Hata kidogo! Jirani zao waliona, wakaogopa, nao wakatafuta za kwao. Zamani wezi wa ng'ombe walikuja na mikuki. Sasa wakaja na bunduki zinazomwaga risasi. Bunduki ya mmoja ni hofu ya jirani, na hofu ya jirani hununua bunduki ya pili. Mwisho wake ni makaburi ya vijana pande zote.

Na Marekani, ambako raia wana bunduki nyingi kuliko raia wa taifa lolote? Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hao hawakuvamiwa na mwizi. Siku ya huzuni iliwafika, na silaha ilikuwa karibu.

Lakini tusidanganyane: wenye kutawala nao wana deni. Desemba 2001 Serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki za Karamoja. Watiifu wakazitoa. Mwaka 2002 askari wengi wakahamishwa kwenda kupigana na waasi wa Lord's Resistance Army, na waliotii wakavamiwa na wale waliozificha zao. Mchungaji aliyetafuta bunduki nyingine baada ya hapo, sisi hatumlaumu. Kumnyang'anya mtu silaha kisha kumwacha peke yake si kuleta amani; ni kumtupa.

Basi twasema wazi: bunduki zikusanywe pande zote kwa pamoja, na askari walale karibu na mazizi, si mjini. Usalama wa mwananchi haununuliwi dukani. Ni haki yake, na mdaiwa ni Serikali. Anayedai peke yake huambiwa angoje. Tudai sote!