Wanaouziwa Zamu Zetu

Sina ugomvi na mwenye pesa kula pesa yake. Alale hoteli ya ghali, ale kamba asubuhi na jioni, shauri yake. Ninachokataa ni yeye kuuziwa zamu niliyokwisha kuisimamia mimi juani.

Mwaka 1999 bustani za burudani za Disney, huku Florida ninakoishi, zilianzisha FastPass: unachukua karatasi yenye saa yako ya kupanda mchezo bila foleni ndefu, bure, anayewahi ndiye anayepata. Mwaka 2021 bure ikaisha. Ikaja huduma ya kuruka foleni kwa dola 15 kwa siku. Mwishoni mwa 2024 pasi ya daraja la juu kabisa ilifika dola 449 kwa kichwa, kwa siku moja ya msimu wa Krismasi. Na tiketi ya kuingilia haimo humo!

Nenda bustani yoyote ya aina hii, usimame pale foleni mbili zinapokutana. Kijana wa zamu anapitisha wenye pasi kundi zima, anaturuhusu sisi wawili watatu, kisha mkono juu: subirini. Mtoto wa dada yangu, wa miaka sita, aliniuliza, “Mama mdogo, kwani wale wamefika saa ngapi?” Nikampa maji anywe.

Mwenye bustani akishachuma kwenye msongamano, ana haja gani ya kuupunguza? Siku za sikukuu auze tiketi chache zaidi mlangoni, hata kwa bei ya juu kidogo. Hiyo ningelipa, maana hainunui dakika za mtoto wa mwenzangu.